Nimekutwa na korona nikiwa na mimba ya wiki 29. Wa kuogopewa ni mimi au mtoto?

Kijacho29

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nina mimba ya wiki 29, ndiyo ya kwanza, na umri umeshasogea, nina miaka 36. Juzi usiku koo lilianza kuwasha, jana nikaamka na homa na viungo vyote vinauma. Mume wangu ndiye aliyetangulia kukohoa, tukadhani mafua. Leo mchana nimepima, nimekutwa na korona.

Chanjo nilichoma zamani, kabla hata sijafikiria kubeba mimba. Kliniki ya mwisho walikuta presha iko juu kidogo, nikaandikiwa nifedipini. Sukari haina shida.

Tangu nipate majibu kazi yangu ni kusoma mitandaoni, na kila ninachosoma kinanichanganya. Mmoja anasema kirusi kinapita kwenye kitovu kinamwingia mtoto. Mwingine anasema mtoto anazaliwa na kasoro. Wifi yangu naye ananiambia nijiandae kupasuliwa, eti mwenye korona haruhusiwi kusukuma, na nikishajifungua watamchukua mtoto nisimnyonyeshe. Mtoto anacheza vizuri, hata sasa hivi ninapoandika ananipiga mbavuni. Lakini kulala naogopa, maana nikifumba macho ndiyo mawazo yanaanza.

Mwenye uelewa anieleze kwa lugha ya kawaida: kirusi kinamfikia mtoto au hakimfikii? Na nikiona nini niende hospitali usiku huohuo bila kusubiri kuche?

Mzee_wa_Hoja

Pole dada. Ila korona ilishapita hiyo, WHO wenyewe walitangaza mwaka 2023. Siku hizi ni mafua kama mafua mengine. Kunywa maji mengi, jifukize mvuke asubuhi na jioni, lala. Huko kusoma sana ndiko kunakokuumiza.

MamaMapacha

Pole mpenzi. Mimi ilinipata nikiwa na miezi mitano. Nilijua nina korona siku nilipounguza sufuria mpaka jirani akaja kugonga mlango, mimi nimekaa palepale jikoni sisikii harufu yoyote. Nililala, nikakohoa, nikapona. Wanangu hawa hapa wanagombania rimoti.

Lakini usinichukue mimi kama kipimo. Nilikuwa na miaka 24 na presha sikuwa nayo. Humu kuna dada mkunga, huwa anaingia usiku akitoka kazini. Msubiri huyo.

MkungaWaZamu

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Ndiyo nimetoka zamu, hata viatu sijavua.

Naanza na Mzee_wa_Hoja, kwa heshima zote. Ni kweli, tarehe 5 Mei 2023 WHO walitangaza kwamba dharura ya dunia imekwisha. Iliyokwisha ni dharura, kirusi bado kipo. Ni kweli pia kwamba hivi vya sasa ni vyepesi kuliko kile cha Delta kilichotutesa 2021, na aliyechanjwa ana nafuu kubwa. Hata hivyo mjamzito wa wiki 29, miaka 36, mwenye presha, haambiwi "ni mafua" halafu basi. Na hiyo ya kujifukiza aache kabisa. Ana homa, tunataka joto lishuke, wewe unamwongezea. Mimba yenyewe inaleta kizunguzungu, halafu umwinamishe juu ya sufuria ya maji ya moto. Nimeshasafisha vidonda vya namna hiyo, sitaki kuviona tena.

Sasa swali lako. Kirusi kumfikia mtoto tumboni ni nadra sana. Watafiti waliokusanya taarifa za nchi nyingi waliona kwamba katika kila watoto 100 wa mama wenye korona, waliokutwa nacho hawafiki wawili, na baadhi ya hao walikipata baada ya kuzaliwa. Kuhusu kasoro, viungo vya mtoto hujengeka miezi mitatu ya mwanzo na wewe huko ulishapita. Hata kwa walioipata mimba ikiwa changa, haijaonekana kwamba korona inazalisha watoto wenye kasoro. Lililo la kuangaliwa mapema mimba ikiwa changa ni homa kali yenyewe, iwe ya korona au ya kitu kingine.

Hatari iliyo kubwa zaidi inapitia kwako wewe. Mtoto hapumui, unampumulia. Kwa wiki zako hizi mfuko wa uzazi umeshasukuma kiwambo cha kifua juu, mapafu hayana nafasi ya kutanuka kama zamani. Wakati huohuo mwili unataka oksijeni zaidi, kama asilimia 20 hivi juu ya ile ya kawaida. Akiba ni ndogo, matumizi ni makubwa, nimonia ikiingia hapo mama anaishiwa haraka. Marekani mwaka 2020, kabla chanjo hazijaja, walilinganisha wanawake wa umri wa kuzaa waliokuwa na dalili za korona. Walioishia chumba cha mahututi walikuwa kama 10 katika kila 1,000 kwa wajawazito, na kama 4 kwa wasio na mimba. Utaona wenyewe ni wachache, na wewe una chanjo. Lakini tofauti ipo.

Niwaeleze kitu nilichokuwa nakiona wodini 2021. Unamkuta mama amekaa kitandani, anaongea na simu, anacheka. Unamwekea kipimo cha oksijeni kidoleni, kinasoma 89, wakati inatakiwa 95 kwenda juu. Yeye mwenyewe hajui. Wengine tuliwalaza kifudifudi na tumbo lao hilohilo: mito chini ya kifua, mito chini ya nyonga, katikati tunaacha pengo tumbo lining'inie bila kubanwa, na mkanda wa kusikiliza mapigo ya mtoto umefungwa palepale. Unasimama unaangalia mashine mbili. Namba ya mama inapanda, 90, 92, 94, na mapigo ya mtoto yaliyokuwa yanahangaika yanarudi kwenye mwendo wake. Mtoto hatukumpa dawa yoyote. Tuliyemtibu ni mama.

Kingine ni presha. Utafiti wa INTERCOVID uliofanyika nchi 18 na kutoka mwaka 2021 uliona kwamba wajawazito wenye korona walipata ule ugonjwa wa presha unaotangulia kifafa cha mimba kwa asilimia 76 zaidi ya wasio na korona, na kujifungua kabla ya wakati kuliongezeka kwa karibu asilimia 60. Wengi wa njiti hao hawakujiharakisha wenyewe. Madaktari ndio walioamua kuwatoa kwa sababu hali ya mama ilikuwa inakwenda vibaya. Wewe presha unayo tayari, ndiyo maana nakukazia. Na damu pia: mimba inaifanya igande upesi, korona nayo hivyohivyo. Usilale siku nzima bila kunyoosha miguu, na maji kunywa.

Fanya haya kesho asubuhi, au usiku huu kama namba ya wodi ya wazazi unayo:

Piga simu hospitali unakohudhuria, uwaambie una korona kabla hujafika, wakuandalie mlango wa kupita. Uliza kuhusu dawa ya kupunguza makali ya kirusi. Ipo Paxlovid, inatumika kwa wajawazito walio kwenye hatari kama wewe, lakini inatakiwa ianze ndani ya siku 5 tangu dalili zianze. Na hapa nisikilize vizuri: ina dawa ndani yake inayoifanya nifedipini ikae kwenye damu kwa wingi kuliko inavyotakiwa, presha inaweza kuporomoka. Kwa hiyo taja dawa zako zote, hata zile unazoziona ndogo. Ile nyingine, molnupiraviri, mjamzito hapewi. Nifedipini usiiache kwa uamuzi wako, daktari ndiye atapanga.

Homa ishushe kwa parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Ibuprofeni na diklofenaki weka mbali, baada ya wiki 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na maji ya uzazi yakapungua. Lala ubavu, wa kushoto ukiweza.

Tafuta kipimo cha oksijeni cha kidoleni. 95 kwenda juu ni sawa. Ukisoma 94, kaa, tulia, pima tena. Ikibaki hapo, nenda. Ikiwa 92 au chini yake usipige hesabu yoyote, ni hospitali.

Na nenda usiku huohuo ukiona: unashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au umetoka chooni tu ukahema (kuhema kidogo kwenye ngazi ni kwa kila mjamzito, hiyo siyo), kifua kubana, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma bila kuachia, kuona nyotanyota, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, kutokwa damu au maji, au mtoto kupunguza kucheza.

Mzee_wa_Hoja

Nimekuelewa mkunga. Mvuke naufuta.

Nuru_ya_Jioni

Nimesoma nikataka kupita tu, lakini hili lazima niliseme.

2021 nilikuwa wiki ya 33. Chanjo kwetu ilikuwa haijafika kwa wajawazito. Nilikuwa na kikohozi cha kawaida, oksijeni 97 kila nikipima, homa siku mbili ikaondoka. Kila mtu akasema nimepona. Baada ya hapo mtoto akaanza kupoa. Hakuacha ghafla, alipoa. Alizoea kuamka nikimaliza kula usiku, siku ile akajigeuza mara moja tu. Nilipiga simu nikaambiwa wiki hizo mtoto hana nafasi ya kucheza, nije asubuhi. Asubuhi hakukuwa na mapigo.

Walipeleka kondo la nyuma maabara. Daktari alinionyesha majibu: karibu lote lilikuwa limekufa, limekuwa gumu, damu haipiti. Kirusi kilikuwa kwenye kondo. Mwanangu mwenyewe hakuwa nacho.

Dada mkunga umesema hatari inapitia kwa mama. Kwangu haikuwa hivyo, mimi nilikuwa mzima. Naomba uliongeze hilo.

MkungaWaZamu

Pole sana mwenzangu. Pole kwa mtoto, na pole kwa kuambiwa usubiri.

Naliongeza, na uko sahihi. Ipo njia ya pili na ni hiyo ya kondo. Kirusi kinalishambulia kondo lenyewe, seli zinakufa, utando wa damu iliyoganda unajaa sehemu ambazo damu ya mama inatakiwa kupita, na mtoto anakosa hewa na chakula wakati mama kipimo chake kinasoma vizuri. Wataalamu wa maabara waliielezea sana kipindi cha Delta, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kwa wasiochanjwa. Ni nadra. Marekani walipitia uzazi zaidi ya milioni 1.2 kuanzia Machi 2020 mpaka Septemba 2021: waliozaa mtoto mfu walikuwa asilimia 0.64 kwa wasio na korona, na asilimia 1.26 kwa waliokuwa nayo. Kijacho29, isome namba hiyo pande zote mbili. Imekaribia mara mbili, na bado karibu 99 katika kila 100 wa wenye korona walijifungua mtoto hai.

Ndiyo sababu kucheza kwa mtoto kunasimama peke yake. Usikuchanganye na oksijeni yako wala homa yako. Hesabu maalumu ya mateke haipo, unachofuatilia ni tabia yake yeye: anaamka saa ngapi, anapiga wapi, kwa nguvu gani. Ikibadilika, nenda, hata kama wewe unajisikia umepona kabisa, na endelea kufuatilia hivyo wiki zinazofuata baada ya kupona. Ile habari ya kwamba mtoto anapunguza kucheza mwishoni kwa kukosa nafasi siyo kweli. Namna ya kucheza inabadilika, kugeuka kunakuwa kwingi kuliko kurusha mateke, lakini hapungui. Atakayekwambia kwenye simu usubiri asubuhi, mwambie nakuja, kisha ondoka.

Na vile vimashine vya kusikilizia mapigo nyumbani, wanaouza wanisamehe, sivipendi. Mtu asiyefundishwa anasikia mapigo yake mwenyewe au ya damu kwenye kondo, anaridhika, anarudi kulala.

BabaMtarajiwa

Dada mkunga shikamoo. Mke wangu ana wiki 13, hajachanjwa, amesema anaogopa isimdhuru mtoto. Pia kama mimi nikiugua nihame chumba?

MkungaWaZamu

Marahaba baba. Chanjo za korona hazina kirusi hai ndani yake, na zimeshachomwa kwa wajawazito wengi mno, mimba kuharibika haikuongezeka. Mama akichanjwa anatengeneza kinga, kinga inavuka kondo inamfikia mtoto. Na mtoto chini ya miezi 6 hachanjwi, kwa hiyo ya mama ndiyo aliyonayo. Akaongee na kliniki yake, wafuate mpango wa nchi yenu.

Ukiugua, ndiyo, hama. Usipokuwa na chumba kingine, fungua madirisha, nyote barakoa, na mlale kichwa huku na miguu huku. Na usimwachie yeye kukuuguza.

Kijacho29

Dada mkunga, Nuru, wote, sijui niwashukuruje. Nuru, pole sana dada yangu. Nimesoma yako mara nyingi.

Nawaletea mrejesho. Kipimo tuliazima. Cha kwanza kikasoma 91, mume wangu akaanza kutafuta funguo za gari. Mama mkwe akaniangalia vidole akasema hebu futa hiyo rangi ya kucha kwanza. Nilikuwa na rangi nyeusi na mikono ya baridi. Nikafuta, nikapasha mikono, nikakaa mpaka namba ikatulia: 97.

Asubuhi tulienda hata hivyo. Waliniweka peke yangu, wakapima presha, mkojo, wakamsikiliza mtoto kwa ule mkanda, yuko vizuri. Nifedipini wameniondoa, wamenipa methildopa, na Paxlovid nimeanza jana. Kliniki wameniongezea, pamoja na kipimo cha picha kuangalia ukuaji wa mtoto. Wamenipa na sindano za kuzuia damu kuganda, najichoma mwenyewe kila jioni. Maswali mawili: tumbo limeanza kuwa na alama za bluu ninapochoma, ni kawaida? Na yale ya wifi ya kupasuliwa na kunyonyesha hamjanijibu.

MkungaWaZamu

Mpe mama mkwe salamu zangu, huyo angefaa wodini. Rangi nyeusi na bluu ndizo zinazosumbua zaidi.

Wifi mwambie hivi: korona peke yake siyo sababu ya kupasuliwa. Wewe una wiki nyingi mbele, mpaka siku ya kujifungua itakuwa imeshaondoka. Hata ambaye ameshikwa na uchungu akiwa nayo, kama oksijeni na presha viko sawa, anasukuma kama wengine, tofauti ni kwamba anafuatiliwa kwa mashine muda wote. Anayepasuliwa ni yule ambaye hali yake au ya mtoto inalazimisha.

Kunyonyesha, WHO tangu 2020 walisema mama anyonyeshe na akae na mtoto wake, ngozi kwa ngozi. Anavaa barakoa, ananawa mikono kabla ya kumshika, basi. Maziwa hayamwambukizi, tena yana kinga ndani. Mtoto havalishwi barakoa kamwe, atakosa hewa. Mwanzoni kuna sehemu waliwatenganisha kwa hofu, nadhani wifi anakumbuka hiyo.

Alama za bluu ni kawaida. Badilisha upande kila siku, leo kushoto kesho kulia, mbali na kitovu, kunja ngozi kidogo, ingiza sindano ikiwa imenyooka, na ukitoa usisugue, kandamiza tu. Dawa hiyo haivuki kondo, mtoto haimfikii. Pa kuogopa ni damu puani isiyokatika, fizi, au ukeni, hapo unaenda. Uliza pia uendelee mpaka lini, maana wengine hupewa siku chache na wengine hadi baada ya kujifungua. Na ikiwa utakuwa bado unaichoma halafu uhisi uchungu unaanza, sindano ya siku hiyo usichome. Piga simu kwanza, kwa sababu ukitaka sindano ya ganzi ya mgongoni wanahitaji kujua ya mwisho ulichoma saa ngapi.